Hewa Kwanza, Gesi Baadaye

Mhadhara uliotolewa mbele ya wasemaji wa Kiswahili wa Des Moines, Iowa, kabla ya majira ya baridi



Nimeitwa nizungumze juu ya tanuri la gesi, ile mashine iliyo chini ya nyumba zenu ambayo wengi wetu tunaiita hita. Aliyenialika alidhani nitazungumza juu ya gesi. Nitazungumza juu ya hewa. Nimekuwa fundi wa mashine hizi kwa miaka kumi na tisa, na katika nyumba nilizoitwa usiku wa manane, theluji ikiwa magotini, ni mara chache sana nimekuta kosa liko kwenye gesi. Gesi inafika nyumbani imepimwa: kuna mita, kuna kidhibiti presha, kuna kampuni inayotudai pesa kila mwezi. Hewa haina mita wala bili, na kwa kuwa hatuilipii, tumezoea kutoihesabu.

Basi leo tuihesabu. Tanuri la nyumba ya familia huku mara nyingi lina uwezo wa BTU 80,000 kwa saa, yaani kama kilowati 23. Likiwaka saa nzima bila kupumzika linakula takriban mita za ujazo 2.3 za gesi asilia. Kila mita moja ya gesi hiyo inataka karibu mita 10 za hewa ndipo iungue yote, kwa sababu katika hewa tunayovuta oksijeni ni asilimia 21 tu. Nyingine karibu yote ni naitrojeni, ambayo inaingia baridi, inapashwa joto, inatoka zake. Juu ya hapo mtengenezaji anaongeza hewa ya akiba, mara nyingi nusu nyingine ya ile inayohitajika, maana gesi na hewa havichanganyiki sawasawa katika kila pembe ya moto. Jumla yake ni kama mita za ujazo 34 kwa saa. Chumba cha kulala cha mita 4 kwa 4, chenye dari ya mita 2 na nusu, kina mita 40. Kwa hiyo kila saa tanuri hilo linapowaka linakunywa karibu chumba kizima cha hewa na kukitoa nje kwa bomba la moshi. Hewa hiyo inatoka wapi? Usiku wa leo, katika nyumba yako, inapita tundu gani?

Sisi tuliokulia kwenye jiko la mkaa tunaijua hewa kwa njia yetu. Ukitaka moto mkali unafungua kile kimlango cha chini, unachukua kipepeo au kipande cha boksi, unapepea. Maharage yakishachemka unafunga kimlango, moto unapungua. Tangu utotoni tumejifunza kwamba kupunguza hewa ni kupunguza moto. Kwa mkaa ni kweli, maana mkaa unakaa pale pale jikoni ukisubiri. Gesi haisubiri. Katika matanuri mengi ya huku gesi inapita kwenye kitundu kilichotobolewa kiwandani, kwa presha ya inchi 3.5 za maji, na itaendelea kutoka kwa kiasi kile kile hewa ikitosha au isipotosha. Ukiibana hewa, moto haupungui. Unaharibika. Nimeona watu wazima, wenye akili zao timamu, wakiziba tundu la hewa la tanuri kwa nia njema ya kubana matumizi, kwa sababu mikono yao bado inakumbuka jiko.

Moto ukiharibika unafanya hivi. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani. Ikipata oksijeni ya kutosha inatoa kaboni dioksidi na mvuke wa maji, na mwali wake ni wa bluu, umetulia, una ncha inayoonekana. Oksijeni ikipungua, sehemu ya kaboni inaishia njiani, na hapo inazaliwa kaboni monoksidi. Mwali unageuka njano, unalegea, unapeperuka kama kitambaa, na masizi yanaanza kugandamana ndani ya mabomba ya kibadilisha joto. Masizi yanabana njia, njia iliyobanwa inapitisha hewa kidogo zaidi, hewa kidogo inaleta masizi mengi zaidi. Kosa la namna hii halikai mahali pamoja. Linakua kila usiku.

Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu mtu akiniambia "fundi, sijasikia harufu yoyote," najua amechanganya hatari mbili. Gesi asilia yenyewe haina harufu. Tarehe 18 Machi 1937 shule ya New London, Texas, ililipuka kwa gesi iliyokuwa imevuja chini ya sakafu bila mtu kuinusa, na karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto. Baada ya msiba ule sheria ikataka gesi itiwe dawa yenye uvundo, ndiyo ile harufu ya yai bovu mnayoijua. Lakini harufu ile ni ya gesi ambayo haijaungua. Ikishaungua vibaya, dawa imeungua nayo, na sumu inayotoka haitangazi chochote. Damu yetu inaishika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kinasema zaidi ya watu 400 hufa nchini humu kila mwaka kwa sumu hii kwa bahati mbaya, nje ya ajali za moto. Si wote waliuawa na matanuri. Wapo wa majenereta, wapo wa magari yaliyoachwa yakinguruma gereji, na wapo walioingiza jiko la mkaa ndani umeme ulipokatika.

Mtu atauliza, kwa nini basi tusimwage hewa nyingi kabisa, tuwe salama? Kwa sababu kila lita ya hewa isiyohitajika inaondoka na joto ulilolilipia. Ikizidi sana inausukuma mwali mpaka unanyanyuka kwenye kichomeo, unapoa kabla haujamaliza kuungua, na sumu ile ile inarudi kwa mlango mwingine. Katika matanuri yenye ufanisi wa asilimia 90 na zaidi kuna hasara nyingine. Hayo yanavuna hata joto lililojificha kwenye mvuke. Tanuri letu la mfano linazalisha kama lita 3 na nusu za maji kwa saa, yote yakiwa mvuke, na karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu ya gesi imo humo. Mvuke unaanza kugeuka maji moshi ukipoa hadi nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Ukiuchanganya na hewa ya ziada kupita kiasi, kiwango hicho kinashuka, mvuke unatoka nje ukiwa bado mvuke, na pesa yako inatoka nao. Fundi anayejua kazi haangalii rangi ya mwali tu. Anaingiza kipima moshi kwenye bomba na kusoma oksijeni iliyobaki. Akiona asilimia 7, anajua hewa ya ziada ni kama nusu, na mara nyingi hapo ndipo penyewe.

Matanuri ya zamani hayakuwa na chochote cha kuongoza hewa isipokuwa maumbile. Moshi wa moto ni mwepesi, unapanda kwenye dohani, nao ukipanda unavuta hewa nyingine nyuma yake. Siku tulivu yenye baridi, dohani inavuta vizuri. Siku yenye upepo mbaya, au nyumba ikiwa imefungwa sana, moshi unaweza kusita au kurudi ndani, na gesi inaendelea kuungua kama kwamba hakuna kilichotokea. Tena dohani ile ilivuta hewa ya joto ya nyumba usiku kucha, hata tanuri likiwa limezimika. Sheria ya Marekani ya 1987 iliyotaka matanuri mapya yafikie ufanisi wa asilimia 78 kuanzia 1992 ndiyo iliyoyasukuma matanuri ya namna hiyo kando. Mahali pake ikashika mashine yenye feni ndogo ya kuvuta moshi, na pembeni ya feni hiyo kikawekwa kitu ambacho ndicho hasa kilichonileta mbele yenu: swichi ya presha.

Mkifungua mlango wa tanuri mtaiona. Ni kama kisahani cha plastiki au bati, upana wa kiganja, chenye mrija laini wa mpira na nyaya mbili. Ndani yake mna kiwambo chembamba. Feni ikivuta moshi, mrija unavuta kiwambo, na mvuto ukifika kiasi kilichoandikwa kwenye swichi, kiwambo kinasogea na kuunga umeme. Kiasi hicho ni kidogo mno. Swichi iliyoandikwa inchi 0.60 za maji inaunga kwa mvuto ambao ungepandisha maji ndani ya mrija kwa sentimita moja na nusu tu, chini ya sehemu moja ya mia sita ya uzito wa hewa inayotukandamiza sote humu ukumbini. Kwa pumzi hiyo ndogo tanuri linajua kama njia ya moshi iko wazi.

Sikilizeni utaratibu wake, maana una adabu ndani yake. Kidhibiti joto cha ukutani kinaita. Ubao wa umeme haukimbilii gesi. Kwanza unaiuliza swichi: feni haijazunguka, je, umekata? Ikijibu kwamba imeunga, ubao unakataa kuendelea, kwa sababu swichi inayosema kuna mvuto wakati hakuna mvuto inasema uongo. Ikiwa imekata, feni inawashwa. Mvuto unajengeka, swichi inaunga. Hata hapo gesi haijafunguliwa. Feni inazunguka sekunde 15 hadi 30 hivi kusafisha chumba cha moto, kwa sababu gesi iliyobaki humo ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inaweza kulipuka. Kisha kiwashio kinapata wekundu. Kisha vali inafunguka. Kihisi cha mwali kikikosa kuona moto ndani ya sekunde chache, vali inafungwa. Na wakati wote moto unapowaka, mvuto ukipungua, swichi inakata na gesi inakata nayo. Hewa lazima itoe ushahidi kabla gesi haijaruhusiwa kuingia. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya tanuri iliyookoa watu wengi zaidi ya kisahani hiki, na hakuna sehemu inayotukanwa zaidi.

Inatukanwa kwa sababu ndiyo inayozima tanuri usiku wa baridi. Mashine inawaka, inazima, inawaka, inazima. Fundi mwenye haraka anasoma taa za ubao, anaona zinasema swichi ya presha, anasema "swichi imekufa." Ni kama kumlaumu mlinzi kwa kupiga kelele. Katika kumi ninazozikuta zimekata, chache tu ndizo mbovu. Nyingine mrija wake umepasuka au umeingia maji. Nyingine bomba la kutolea maji limeziba, na maji yamejaa mpaka yamezuia njia ya moshi. Nyingine bomba la plastiki la nje limewekwa bila mteremko wa kutosha, maji yanatuama kwenye tumbo la bomba. Nyingine majani, theluji, kiota.

Nina kisa kimoja cha kiota. Ilikuwa Januari, katika mji mwingine wa jimbo hili. Familia ya watu sita, wenyeji wa Uvira, walikuwa wamepanga nyumba ya zamani. Walikuwa na tanuri la mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambalo ubao wake haukuwa na tabia ya kuiuliza swichi kabla ya kuanza. Mama wa familia hiyo alinipokea mlangoni akiwa amejifunga kanga kichwani, amekaza sana, kama tunavyofanya kichwa kikiuma.

"Karibu, baba. Hita inawaka vizuri tu. Lakini watoto wanatapika kila jioni. Tulifikiri malaria imetufuata huku."

Nikamuuliza, "Mama, mkitoka nje mnakuwaje?"

"Tukienda kanisani kichwa kinaacha. Tukirudi kinaanza."

Sikuingia zaidi. Niliwatoa wote nje, wakaenda kwa jirani, na kutoka huko hospitali. Ndipo nikarudi na kipimo. Kwenye ujia wa vyumba vya kulala kilisoma sehemu 85 katika milioni. King'ora cha kaboni monoksidi cha kawaida kinatakiwa kilie sehemu zikifika 70 na kukaa hapo kati ya saa moja na saa nne. Nyumba ile haikuwa nacho. Chini nilikuta miali ya njano ikilambalamba nje ya vichomeo, na kwenye swichi ya presha kipande cha waya mwekundu, urefu wa kidole, kimeunga ncha mbili ili umeme upite daima. Wiki mbili kabla, mama alinieleza baadaye, hita ilikuwa inazimazima, mwenye nyumba akamtuma mtu, mtu yule akafanya kazi dakika kumi, hita ikawaka na haikuzima tena. Wakamshukuru.

Kwenye bomba la moshi, juu ya paa, kulikuwa na kiota cha ndege. Nilikitoa kwa mkono. Nikauondoa ule waya, nikarudisha nyaya mahali pake, nikawasha feni. Swichi ikaunga mara ya kwanza. Ilikuwa nzima. Muda wote ilikuwa nzima, na ilikuwa imesema kweli.

Familia ilipona, wote sita. Yule aliyeunga waya sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba nyingine tano za kwenda usiku ule. Siku hizi ubao ukiukataa waya, wasiojali wana njia nyingine: wanaweka swichi ya namba ndogo zaidi, inayoridhika na mvuto dhaifu. Hiyo ni mbaya kuliko waya, kwa sababu inaonekana kama kazi safi. Mafundi vijana mlioko humu, namba iliyoandikwa kwenye swichi haikubuniwa. Mtengenezaji alipima tanuri lile likiwa limezibwa kidogo kidogo, akaona ni wapi moto unaanza kuharibika, akaweka swichi kabla ya hapo. Ukibadilisha namba umefuta kipimo chake na kuweka bahati yako.

Juu ya mashine mpya nitasema maneno machache. Yapo matanuri yenye hatua mbili, feni inakwenda polepole kwa moto mdogo na kasi kwa moto mkubwa, kila hatua na swichi yake. Yapo yanayopanda na kushuka taratibu kati ya asilimia 40 na 100. Na katika mitambo mingi ya maji moto ya Ulaya vali ya gesi inaongozwa na mvuto wa hewa yenyewe: feni ikiongeza hewa, gesi inafuata kwa uwiano ule ule, feni ikipunguza, gesi nayo inapungua. Hilo linanifurahisha, maana mhandisi amezunguka sana na kurudi kwenye jiko la bibi, ambako hewa ndiyo inayoamuru.

Sasa tuje kwenye nyumba zetu, na hapa nitakaa kidogo. Feni na swichi zinalinda njia ya kutoka. Njia ya kuingia iko mikononi mwenu. Kama tanuri lenu lina mabomba mawili ya plastiki yanayotoka ukutani, moja linaleta hewa ya nje na jingine linatoa moshi, kazi yenu ni kuyaangalia baada ya kila theluji na kuyafukulia kwa mkono au ufagio. Kama lina bomba moja la bati, linavuta hewa ya humo humo ndani. Kanuni inayotumika Marekani inataka futi za ujazo 50 za nafasi kwa kila BTU 1,000. Kwa tanuri letu la BTU 80,000 hiyo ni mita za ujazo 113, karibu mara tatu ya kile chumba nilichokitaja. Hita ya maji ya BTU 40,000 ikiwa hapo hapo, inakuwa mita 170. Chumba cha mashine hakina nafasi hiyo hata siku moja, ndiyo maana mlango wake una mapengo, au kuna bomba linaloleta hewa kutoka nje na kuimwaga karibu na sakafu.

Bomba hilo linaleta baridi, najua. Na najua tunavyoishi: ndugu amefika, hana pa kulala, tunaweka kitanda chini karibu na mashine, tunabandika ubao kwenye mapengo ya mlango kwa ajili ya kelele, tunasokota blanketi kuukuu na kulisukumiza kwenye tundu lile la baridi. Nimeyatoa mablanketi hayo kwa mikono yangu. Tundu lile ni pua ya tanuri. Ukiliziba, mashine itavuta pumzi kupitia bomba la moshi la hita ya maji, na kilichokuwa kinatoka kitaanza kuingia.

Dada zangu mnaosuka nywele na kufulia watu chini ya nyumba, sikilizeni na hili. Jiki na baadhi ya dawa za nywele hutoa mvuke wenye klorini. Tanuri likiuvuta, moto unaugeuza kuwa asidi, na asidi inakula chuma cha kibadilisha joto kutoka ndani. Dalili ya chuma kilichotoboka ni mwali unaochezacheza mara tu feni kubwa ya kupulizia hewa vyumbani inapoanza. Ukiona hivyo, zima, piga simu.

Na kama hita yenu ya maji ina kofia iliyo wazi juu yake, fanyeni jaribio moja. Fungeni madirisha yote. Washeni mashine ya kukaushia nguo, feni ya jikoni na feni ya bafu, zote pamoja. Washeni hita ya maji, subirini dakika tano. Kisha chukueni kijiti cha udi kinachofuka na mkisogeze kwenye ukingo wa kofia ile. Moshi wa udi ukivutwa ndani, ni salama. Ukisukumwa kuwaelekea nyie, zimeni hita, fungueni dirisha, mwiteni fundi, na msioge maji moto mpaka aje.

Nimemaliza. Nje nimeegesha gari, nina kipimo, na nina swichi chache za akiba. Mwenye mashaka kwamba tanuri lake limeungwa waya, au limebadilishiwa swichi, au ana blanketi kwenye lile tundu, anione kabla hajaenda nyumbani. Sitauliza ni nani aliyeliweka.